UMISSETA ikitua Mwanza: mwanafunzi anajifunza zaidi ya mpira

UKITAKA kujua thamani ya UMISSETA, usianze na matokeo ya fainali. Anza na basi.

Kutoka Mtwara hadi Mwanza, ukipitia Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,600. Unakata Lindi, Pwani, Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, ndipo unaanza kuyaona yale mawe makubwa yaliyobebana. Katika basi la timu ya mkoa hakosekani winga wa kidato cha pili ambaye hajawahi kulala nje ya wilaya yao. Ramani ya Tanzania aliichora mara nyingi kwenye daftari la jiografia. Safari hii anaipita kwa matairi.

Mwanza iliwapokea watoto wa aina hiyo kwenye fainali za kitaifa za 2017 na 2018, kitovu kikiwa Chuo cha Ualimu Butimba, chuo kinachojulikana kwa kuandaa walimu wa michezo na sanaa. Soka, netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono, riadha, ngoma na kwaya, vyote vinapigwa ndani ya wiki moja na ushee. Sisi watu wa mpira huwa tunauliza tu nani kachukua kombe na nani ana mguu mzuri. Kuna swali lingine: huyu mtoto anarudi shuleni na nini?

STAA WA KATA ANAPOKAA BENCHI

Hadi kufika fainali, mchezaji ameshachujwa shuleni, kwenye kata, wilayani na mkoani. Kila hatua aliitwa staa. Kwao akigusa mpira shule nzima inapiga kelele.

Akifika kambi ya taifa anakuta mabeki wenye mbio kuliko yeye, na kipa wa mkoa mwingine anayedaka mashuti yake kwa raha zake. Anaweza kuanzia benchi kwa mara ya kwanza maishani. Hilo ni somo, na ni bora alipate akiwa na miaka 16 kuliko akiwa na 22 kwenye majaribio ya klabu ya Ligi Kuu, wakati hana tena muda wa kujirekebisha.

Halafu kuna maisha ya kambini. Jezi unafua mwenyewe usiku ili ikauke asubuhi. Chakula unapanga foleni. Unalala na kipa wa wilaya nyingine ambaye Kiswahili chake kina lafudhi unayoicheka siku ya kwanza na kuiiga siku ya tatu. Mkipigwa bao nne jioni, usiku mnakutana na waliowapiga kwenye foleni ileile ya wali. Hapo mtu anajifunza kufungwa bila kununa, kitu ambacho mashabiki wengi wa Kariakoo hadi leo kinawashinda.

MWANZA INA MENGI YA KUONYESHA

Ni rahisi sana timu ije, icheze, itolewe kwenye makundi na ipande basi ikiwa imeona viwanja na stendi tu. Ni hasara, kwa sababu jiji lenyewe ni darasa.

Kisiwa cha Saanane kiko dakika chache tu kwa boti. Ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndani ya jiji, ilipandishwa hadhi hiyo mwaka 2013, na kabla ya hapo ilikuwa bustani ya wanyama tangu miaka ya 1960. Jina limetokana na mzee Saanane Chawandi aliyeishi pale. Asubuhi moja ya mapumziko inatosha: wachezaji wanaona swala na pimbi, wanapanda mawe, wanalitazama ziwa ambalo ni la pili duniani kwa ukubwa kati ya maziwa ya maji baridi. Jioni miguu bado iko fiti kwa mechi.

Kuna pia Bujora, kule Kisesa, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Shabiki wa soka akifika pale hahitaji mkalimani. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, mahasimu wa miaka mingi. Wanapiga ngoma wakati mmoja, uwanja mmoja, kila upande na watu wake, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Watani wa jadi walikuwepo kanda hii bila Simba na Yanga! Sherehe yao ya Bulabo hufanyika Juni, na UMISSETA nayo ni michezo ya Juni.

Somo hilo huenda pande zote mbili. Fainali zilipohamia Mtwara mwaka 2019, ikawa zamu ya watoto wa Kanda ya Ziwa kusafiri hadi pwani, kuonja maji ambayo ukiyaonja yana chumvi.

MIAKA YA UKAME

Wazazi wengi bado wana wasiwasi. Mwalimu wa michezo akienda kuomba ruhusa, swali ni lilelile: "Mwalimu, huo mpira utampa cheti?" Si swali la kijinga. Mtihani wa kidato cha nne unakuja Novemba, na mzazi ndiye aliyelipia sare na daftari.

Nchi hii iliwahi kulijibu swali hilo kwa mkato. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wizara ya Elimu chini ya Waziri Joseph Mungai ilisimamisha michezo ya shule ili wanafunzi wasome. Ikaja kurudishwa katika awamu ya Rais Jakaya Kikwete. Taifa Stars ilikaa nje ya AFCON kuanzia 1980 hadi 2019, na ni uongo kuitwisha Wizara mzigo wa miaka yote 39. Lakini anayefunga kitalu asishangae akikosa miche.

Tena kombe la shule siku hizi si la kuchekwa. Mwaka 2023 wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa shule wa Afrika mjini Durban, na zawadi yake ilikuwa Dola 300,000 za Marekani. Hizo ni fedha za shule, zilizoletwa na miguu ya wanafunzi.

MAHINA WALIONYESHA NJIA

Mwanza yenyewe ina mfano. Shule za Alliance, pale Mahina, zilijengwa juu ya wazo kwamba mtoto asubuhi aingie darasani na jioni aingie uwanjani. Alliance FC ilipanda Ligi Kuu 2018, ikashuka 2020. Timu ilishuka daraja, kazi yake haikupotea. Israel Mwenda alipita Alliance kabla ya KMC na Simba. Aisha Masaka alicheza Alliance Girls, akaenda Yanga Princess, akavuka hadi BK Häcken ya Sweden na kisha Brighton ya Uingereza.

Wengi wa waliopita njia hiyo hawatafika Brighton. Ndiyo maana darasa la asubuhi lina umuhimu: goti likigoma akiwa na miaka 20, awe na pa kurudi.

TATIZO LINAITWA KIJEBA

Yote haya yanaharibiwa na ugonjwa tunaoujua: vijeba na mamluki. Mkoa unataka kombe, anatafutwa mtu mwenye ndevu, anapewa sare na jina la kidato cha tatu. Watu wanacheka, eti ni ujanja.

Hesabu vizuri. Kijeba mmoja akipanda basi, kuna mwanafunzi mmoja amebaki kijijini. Huyo hakuiona Singida kupitia dirishani, hakukaa benchi akajifunza, hakulala na kipa wa mkoa mwingine, hakuliona ziwa. Kombe litakaa ofisini likipigwa vumbi, na mwenye ndevu hana alichoongeza. Aliyeibiwa hata hajui kama ameibiwa.

Kwa hiyo mkoa unapochagua timu ya UMISSETA, mwalimu akague vyeti vya kuzaliwa na daftari la mahudhurio kabla ya kukagua chenga. Atenge nusu siku ya matembezi kwenye ratiba, na abebe vitabu vya watahiniwa kwenye basi lilelile la mipira. Na sisi mashabiki, timu ya mkoa wetu ikirudi mikono mitupu lakini na wanafunzi halali, tuipigie makofi pale stendi.