Dawa za kuua mwani katika matangi ya samaki: hatari huanza baada ya maji kutakata

Maji ya tangi la samaki yakianza kugeuka kijani, mwenye tangi huwa na haraka. Kioo kimefunikwa na utelezi, mawe yameota manyoya, na wageni wanaoketi sebuleni hawawaoni tena samaki walionunuliwa kwa fedha nyingi. Dukani ipo chupa ndogo, isiyo na bei kubwa, inayoahidi kumaliza tatizo kwa siku chache. Mara nyingi ahadi hiyo hutimizwa na maji hutakata. Yale yanayoweza kufuata, hata hivyo, huandikwa nyuma ya chupa kwa herufi ndogo, kama yameandikwa.

Ufugaji wa samaki wa mapambo majumbani huonekana kuwa ni jambo la Ulaya, Marekani na miji ya Ghuba, lakini Afrika Mashariki imo ndani yake zaidi ya wengi wanavyodhani. Samaki wengi wanaopendwa na wafugaji hao asili yao ni Ziwa Tanganyika, Ziwa Viktoria na Ziwa Nyasa, nao ni wa ukoo mmoja na sato na perege. Katika Ziwa Tanganyika, linalopakana na Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na Zambia, wamo samaki wadogo wenye rangi za kuvutia waitwao kitaalamu Tropheus. Maisha yao yote hupita kwenye miamba ya ufukweni, na kazi yao kuu ni kukwangua na kula mwani ulioota juu ya mawe. Ni kinaya kwamba samaki huyo akifika katika tangi la Birmingham au Muscat hulishwa chakula cha pakiti, huku mwani, ambao ndio mlo wake wa asili, ukimwagiwa sumu.

Mwani wenyewe si ugonjwa. Ni viumbe vinavyofanana na mimea, vingine vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hustawi penye mwanga, maji na mbolea. Tangi lenye mwani kiasi ni tangi lililo hai. Mwani ukizidi, hiyo ni dalili kwamba mwanga ni mwingi mno, au kwamba chakula kinachobaki na kinyesi cha samaki vimerutubisha maji kupita kiasi. Dawa haigusi hata kimoja kati ya vyanzo hivyo viwili.

Mwani uliokufa huenda wapi?

Hili ndilo swali ambalo mnunuzi wa dawa hajiulizi. Dawa huua mwani, haiuondoi. Mabaki yake hubaki majini na kuanza kuoza, na hapo mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja.

La kwanza ni upungufu wa oksijeni. Mchana, mwani ulio hai hutengeneza oksijeni kwa msaada wa mwanga. Ukiuawa wote kwa mkupuo, chanzo hicho hufungwa, na papo hapo bakteria wanaoozesha mabaki huongezeka na kuivuta oksijeni iliyobaki. Saa mbaya zaidi ni za alfajiri, kwa kuwa usiku kucha samaki, mimea na bakteria wametumia oksijeni bila kuwapo mwanga wa kuizalisha upya. Ndiyo maana mtu huweza kuzima taa samaki wakiogelea vizuri, akaamka na kuwakuta wakihema juu ya maji au wamekwisha kufa, kisha akaulaumu ugonjwa au duka lililomuuzia.

Joto huongeza hatari. Maji baridi, yasiyo ya chumvi, yenye nyuzijoto 20 za Selsiasi huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifikia nyuzijoto 30, uwezo huo hushuka hadi karibu miligramu 7.5. Katika nyumba za Ghuba hali hiyo hutokea kwa urahisi wakati wa kiangazi, hasa familia inapozima viyoyozi na kusafiri kwenda likizo Mombasa au Unguja. Kutia dawa siku ya kuondoka, ili kurudi na kukuta tangi safi, ni miongoni mwa maamuzi mabaya kabisa ambayo mfugaji anaweza kuyafanya.

La pili ni amonia, sumu inayozalishwa na uozo. Katika tangi lililokomaa wamo bakteria wenye manufaa, wanaoishi kwenye chujio na changarawe, ambao huigeuza amonia kuwa naitreti isiyo kali. Lakini bakteria hao huwa wengi kwa kadiri ya kazi waliyozoea. Mzigo wa ghafla huwashinda, na baadhi ya dawa za kuua mwani huweza kuwadhoofisha wao pia.

Hapa ndipo samaki wa Tanganyika wanapokuwa na bahati mbaya maalumu. Amonia huwa majini katika sura mbili, moja ya sumu kali na nyingine isiyo na madhara makubwa, na kipimo cha pH ndicho kinachoamua ipi itakuwa nyingi. Kwa nyuzijoto 25, maji yenye pH ya 7 huwa na sura ya sumu kwa chini ya asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH ya 8 huwa kama asilimia 5, na kwenye pH ya 9 hupita theluthi moja. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na wafugaji makini huyatengeneza maji ya tangi yafanane nayo. Kwa hiyo kiasi kilekile cha mwani uliooza, ambacho samaki wa mito ya Amazoni angekivumilia, huweza kumuua samaki wa Kigoma.

Mrututu

Kemikali ya zamani kuliko zote katika kazi hii ni salfeti ya shaba, ambayo Waswahili huijua kwa jina la mrututu. Wakulima wa kahawa wa Afrika Mashariki wamezoea dawa za shaba kwa kupambana na kuvu la majani na matunda. Huko Marekani, mwaka 1904 Wizara ya Kilimo ilichapisha maelezo ya kutumia mrututu kuua mwani katika mabwawa ya maji. Tangu hapo shaba, kwa sura mbalimbali, imeingia katika chupa nyingi za dawa za samaki.

Shaba huua mwani, lakini haichagui. Konokono, kamba na uduvi hufa kwa kiasi kidogo sana, na katika matangi ya maji ya bahari matumbawe nayo hayaponi. Kwa samaki, hushambulia matamvua. Samaki wa maji baridi hupoteza chumvi ya mwili wake kila wakati, na hutumia matamvua kuinyonya tena kutoka majini. Shaba huzuia kazi hiyo. Samaki huanza kuhema haraka, hukosa hamu ya kula, na huweza kufa huku maji yakionekana safi kama ya chemchemi.

Ukali wa shaba hutegemea maji yenyewe. Maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, huipunguzia nguvu, kwa sababu kalsiamu hushindana nayo kwenye matamvua na kaboneti huishika. Maji laini hayana kinga hiyo. Maji ya London ni magumu kwa ajili ya miamba ya chokaa iliyo chini ya eneo hilo. Maji ya Glasgow, yatokayo Loch Katrine, ni laini sana. Mfugaji wa London akimshauri nduguye wa Glasgow kwa simu atie matone mangapi, ushauri uliomfaa yeye huweza kuwa maangamizi kwa mwenzake. Na kwa kuwa chupa moja huuzwa katika miji yote miwili, maelezo yake hayana budi kusomwa pamoja na kipimo cha ugumu wa maji ya mahali husika.

Shaba pia haiondoki kirahisi. Hujificha katika changarawe na mawe ya chokaa, na maji yakipungua pH baadaye huweza kutoka tena. Mtu aliyenunua tangi kuukuu anaweza kutia konokono au kamba wake na kuwaona wakifa mmoja baada ya mwingine, pasipo yeye kutia dawa yoyote.

Hesabu ya lita

Makosa mengi hayatokani na kemia bali na hesabu. Tangi lenye urefu wa sentimeta 100, upana wa 40 na kimo cha 50 huuzwa kama tangi la lita 200. Ukiondoa nafasi ya mawe, changarawe na sehemu ya juu isiyojazwa, maji halisi huweza kuwa lita 160 tu. Atakayetia dawa ya lita 200 amezidisha kwa robo nzima, na akirudia kesho yake kwa kuwa hajaona mabadiliko, amefanya jambo kubwa zaidi. Njia ya uhakika ni kuhesabu ndoo wakati wa kujaza tangi, na kuandika idadi hiyo mahali.

Zipo kemikali nyingine. Chupa kadhaa za kisasa hutumia viambata vya jamii moja na dawa za kuua vijidudu vya sakafuni. Hivi vinaweza kuvumiliwa na samaki wengi kwa kipimo sahihi, lakini ni hatari kwa kamba na kaa, jambo ambalo watengenezaji wenyewe huliandika. Simazini, kiuagugu cha mashambani kilichowahi kutumiwa sana katika matangi, huzuia usanisinuru, hivyo huidhuru pia mimea ambayo mfugaji ameipanda kwa makusudi. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa katika viuagugu vinavyoruhusiwa mashambani.

Glutaraldihaidi, inayouzwa ikiwa imezimuliwa kwa jina la kupendeza la kaboni ya maji, ni kemikali ambayo hospitali zimeitumia kusafishia vifaa visivyostahimili moto. Huwasha ngozi na macho, na imehusishwa na pumu kwa wahudumu wa afya walioivuta hewani. Chupa yake haistahili kukaa kabatini karibu na chakula cha samaki, ambako mtoto huifikia.

Aidha, utando wa bluu-kijani unaonuka udongo na kubanduka kama ngozi si mwani hata kidogo, ni bakteria. Baadhi ya wafugaji huutibu kwa antibayotiki, na kwa kufanya hivyo hujiweka katika hatari ya kuwaua bakteria wa chujio na kuchangia usugu wa vijidudu kwa dawa. Kwa dawa ambayo bado inahitajika kuwaponya wanadamu, hiyo ni bei kubwa mno kwa ajili ya kioo safi.

Yanayoweza kufanyika

Mwanga upunguzwe hadi saa 6 au 8 kwa siku, kwa kutumia swichi yenye saa, na tangi liondolewe penye jua la dirishani. Chakula kiwe kile kinachomalizika kwa dakika chache. Robo ya maji ibadilishwe kila wiki, na mwani ukwanguliwe kwa mkono na kufyonzwa kwa mpira. Mimea inayokua haraka hunyang'anya mwani mbolea. Matokeo hayaonekani kwa siku mbili, huchukua wiki kadhaa, na subira hiyo ndiyo inayowashinda wengi.

Kwa yule anayeona hana budi kutumia dawa, mwani mwingi kadiri inavyowezekana utolewe kwanza kwa mkono, ili kinachobaki kuoza kiwe kidogo. Kamba na konokono wahamishwe. Pampu ya hewa iwashwe usiku na mchana, na makaa maalumu ya kuchujia yaondolewe wakati wa tiba, kwa kuwa huinyonya dawa. Dawa mbili zisichanganywe. Amonia ipimwe kila siku kwa wiki nzima. Samaki wakianza kuhema juu ya maji, hewa iongezwe mara moja na nusu ya maji ibadilishwe kwa maji yenye joto lilelile, yaliyoondolewa klorini, kisha makaa yarudishwe. Kwa tiba ya shaba, makaa peke yake hayatoshi.

Maji yaliyotolewa katika tangi lililotiwa dawa yasimwagwe mtoni, kwenye mfereji wa mvua wala kidimbwi cha bustani, ambako konokono na wadudu wa maji hawana wa kuwahamisha. Dawa iliyobaki chupani hupelekwa panapopokelewa taka za kemikali, na halmashauri nyingi za miji ya Uingereza zina vituo vya namna hiyo.