Ekseli ya trela: badilisha nyumbani, lakini usilale chini ya tofali

Wenye boti huku kwetu, kuanzia Mtwapa hadi Kilifi, wanajua kuwa kila trela linaposhuka ufuoni, ekseli huoga maji ya chumvi. Kutu huanzia pasipoonekana, chini ya springi na ndani ya beringi. Ikiachwa, siku moja gurudumu linachomoka barabarani, na anayeumia ni wa bodaboda aliye nyuma. Kwa hivyo mimi sipingi mtu kubadilisha ekseli uani kwake. Ninalopinga ni vile tunavyoifanya kazi hiyo.

Boti ishushwe kwanza, na trela liwe juu ya saruji. Kama uwanja ni mchanga, weka ubao mnene chini ya jeki. Trela la ekseli moja likishainuliwa magurudumu yote mawili, kabari hazilizuii tena. Liache limefungwa kwenye gari lililovutwa breki ya mkono, na kabari uziweke kwenye magurudumu ya gari hilo. Nati za magurudumu zilegeze kabla ya kuinua.

Jeki ni ya kuinua tu, si ya kushikilia. Sili yake ikivuja, mzigo unashuka bila kukuarifu. Weka stendi za chuma chini ya fremu, kulia na kushoto, kisha tikisa trela kabla hujaingiza hata mkono. Tofali la matumbawe halifai kabisa, kwani hupasuka ghafla.

Kabla ya kununua ekseli mpya, pima umbali kati ya springi mbili na kati ya habu na habu. Hakikisha inaweza kubeba uzito wa trela pamoja na boti na injini yake. Usikubali ekseli iliyopinda ikanyooshwa kwa moto, maana chuma hicho nguvu zake zimepungua.

Ukiifunga, tumia yuboliti na nati mpya, uzikaze kwa kupishana ili zibane sawa. Pima toka kichwa cha trela hadi kila ncha ya ekseli. Vipimo viwili visipolingana, trela litavuta upande na kula tairi. Beringi zijaze grisi ya baharini, na pini ya kufungia nati ya habu iwe mpya. Baada ya kilomita 80 hivi, kaza nati zote tena.

Na jambo tunalolisahau: ukifika ufuoni, acha habu zipoe kabla ya kuzamisha trela. Habu yenye moto ikiguswa na maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta chumvi ndani. Ukitoka, suuza kwa maji baridi ya bomba.

Stendi mbili ni gharama, najua. Lakini hakuna nyumba iliyowahi kushukuru kwa kuokoa pesa hizo na kumpoteza baba.