Ukuta wa Nyamira: Tofali la Kuchomwa au la Kushindiliwa?

Mtu anayejenga nyumba isiyo ya ghorofa Nyamira, awe Keroka au Ekerenyo, hupata ushauri wa aina mbili. Fundi mmoja humwambia anunue matofali ya kuchomwa, mwingine humwambia akodi mashine ya intaloki, yaani matofali ya kushindiliwa yanayofungamana. Wote wawili humtajia bei ya tofali moja. Bei hiyo haitoshi kuamua, kwa sababu gharama halisi ya ukuta imejificha kwenye kuni na kwenye mifuko ya saruji.

Tofali la kuchomwa hutoka kwenye udongo wa bondeni. Hufinyangwa, likakaushwa, kisha likapangwa kwenye tanuri na kuchomwa kwa kuni za mikaratusi mpaka joto likaribie nyuzi 900. Kwenye joto hilo chembe za udongo hushikana, zisirudi kuwa matope tena. Tanuri la kienyeji hupoteza joto jingi hewani, na matofali ya pembeni mara nyingi hubaki hayajaiva. Kabla ya kulipa, gongesha mawili: lililoiva hulia kama chuma. Kuni hizo pia zinatafutwa na viwanda vya majani chai kama Kebirigo na Sanganyi, kwa hiyo ukisikia kuni zimepanda, tarajia matofali yapande pia.

Intaloki haichomwi. Udongo mwekundu wa chini, ule usio na mizizi wala mbolea, huchanganywa na saruji kidogo na maji, ukashindiliwa kwa mashine. Kinachoukaza ni saruji kuungana na maji, ndiyo maana matofali hayo lazima yafunikwe na kunyunyiziwa maji kwa wiki nzima angalau, na kujengea kusubiri siku 28. Ila saruji yenyewe imepita kwenye moto mkali zaidi, nyuzi 1,450. Tani moja hutoa takriban kilo 600 za hewa ya ukaa, na zaidi ya nusu hutoka ndani ya mawe ya chokaa yanapovunjika kwa joto. Hata tanuri likiendeshwa kwa umeme wa jua, sehemu hiyo itatoka tu.

Tufanye hesabu ya ukuta wa mita za mraba 100, msingi tukiuacha kando. Intaloki ya sentimita 26.5 kwa 10 usoni, unene 14, zitahitajika kama 3,800. Ukichanganya debe moja la saruji kwa madebe 14 ya udongo, mfuko wa kilo 50 hutoa matofali yapatayo 90, yaani mifuko 42. Matofali ya kuchomwa ya sentimita 20 kwa 10, kwa kuwa hayanyooki, hudai mchanganyiko wa saruji na mchanga wa sentimita mbili kila kiungo: kama mifuko 18. Ukipiga plasta pande zote mbili, ongeza 23. Jumla 41. Saruji imelingana, na bado hujalipia kuni. Lakini ukipiga plasta intaloki pande zote, umeongeza mifuko 23 ileile na faida imekwisha.

Kabla ya kukodi mashine, tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta, kijaze udongo wako uliolowa, ukishindilie vizuri na kukianika mpaka kikauke kabisa. Sukuma udongo wote upande mmoja, upime pengo. Chini ya milimita 12, debe moja la saruji hutosha madebe 18. Kati ya 39 na 50, ni madebe 12 tu. Kwa ukuta wetu, tofauti hiyo ni kati ya mifuko 33 na 49. Pengo likizidi 50, udongo una mfinyanzi mwingi, jambo la kawaida kwenye miinuko yetu, na itabidi uchanganye mchanga. Mchanga huja kwa lori kutoka upande wa Ziwa Victoria, na nauli yake yaweza kumeza ulichookoa.

Mvua yetu haina huruma. Intaloki isiyo na plasta ianzie juu ya msingi wa mawe, na paa litokeze vya kutosha.

Kwa saruji yenyewe, soma mfuko. Iliyoandikwa CEM IV/B 32.5 ina majivu ya volkeno yasiyochomwa, asilimia 36 hadi 55, kwa hiyo hewa chafu ni pungufu. Hukaza polepole, basi usiinyime maji. Slebu na nguzo muulize mhandisi. Aghalabu hutaka 42.5. Joseph Mwiti Marangu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru alichapisha mwaka 2020 utafiti wa saruji ya udongo wa Kenya uliochomwa na kuchanganywa na mawe ya chokaa. Udongo huo huhitaji nyuzi 700 hadi 850 tu. Saruji hiyo naisubiri dukani kwa hamu zaidi kuliko mitambo ya kunasa hewa ya ukaa kama ule wa kiwanda cha saruji cha Brevik, Norway, uliozinduliwa 2025 kunasa tani 400,000 kwa mwaka, kwa kuwa gharama ya mtambo kama huo hatimaye huingia kwenye bei ya mfuko.

Pengo likiwa chini ya milimita 39, na ukikubali ukuta usio na plasta nje, mimi ningechukua intaloki. Likizidi hapo, ningenunua ya kuchomwa, yaliyoiva, na kupiga plasta ndani pekee.