Diwali Ilitukuta Kisutu

Kutoka Mlandege hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 500. Tulishuka Mbezi akina mama watatu, mabegi mgongoni, tukapanda mwendokasi hadi Kisutu. Harusi tuliyoijia ilikuwa kesho yake, hivyo tulikuwa na siku nzima ya kutembea. Ilikuwa Alhamisi, Oktoba 31, 2024, na kumbe ni Diwali.

Milango ya mahekalu ya Wahindu ilijaa viatu. Vizingitini wanawake walikuwa wamechora maua kwa unga wa rangi, na giza lilipoingia wakawasha vitaa vya udongo, mafuta na utambi tu. Mama mmoja wa makamo (Kiswahili chake kilitushinda!) alitueleza kuwa wanakumbuka Rama aliporudi Ayodhya baada ya miaka 14 ya uhamisho. Wafanyabiashara wa Kigujarati hubariki vitabu vipya vya hesabu.

Kisha akatuletea sinia ya ladu, yale madonge matamu ya unga wa dengu. Tukatazamana. Je, vilitolewa mbele ya sanamu? Tulikumbuka Wakorintho wa Kwanza, sura ya 8. Mwenzetu mmoja akajikaza akauliza.

"Ndiyo, vimetoka hekaluni," alijibu, wala hakununa. Aliingia ndani, akarudi na bagia alizokaanga mwenyewe na chai ya tangawizi. Hizo tulikula hadi sahani ikawa nyeupe.

Alituuliza Krismasi tunapika nini. Tukasema pilau ya nyama. Akacheka: yeye hali nyama. Tukamwahidi ya njegere.