Fahamu: Vita vilivyojificha kwenye vibao vya Kariakoo

Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, vibao vya mitaa vimezidi kuonekana Dar es Salaam. Wengi wanajua kwamba Kariakoo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, walioutwaa mji huu kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ila hadithi haiishii kwenye jina la soko. Ingia ndani: Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti. Mnunuzi wa vitenge huyasikia kama majina ya vichochoro tu, kumbe yote matatu ni viwanja vya mapigano ya mwaka 1917, huko Kilwa na Lindi. Mtu atasema ni sadfa, maana mitaa mingine hapo ni Pemba, Sukuma na Sikukuu. Jina moja lingeweza kuwa sadfa. Matatu, ya mwaka mmoja, ndani ya kitongoji chenye jina la wapagazi, ni vigumu.

Kuna hoja nzito zaidi: hizo ni kumbukumbu za mkoloni, zifutwe. Kweli, Kichwele iligeuzwa Uhuru, na New Street ikawa Lumumba, kwa haki kabisa. Hata Tandamti ilipewa jina la Mshume Kiyate, mzee wa TANU, ingawa sokoni bado wengi husema Tandamti. Lakini waliobeba mizigo ya vita hivyo, wakafa kwa njaa na maradhi kwa maelfu, walikuwa Waafrika, na makaburi yao mengi hayana hata kibao.