Mitoo: Mboga ya Sufuria na Mbolea ya Shamba

Wengi wetu wa Ukambani tukisema mboga, ni sukumawiki, kabeji na kunde. Lakini katika ziara zetu za magharibi mwa Kenya, tumekuta sokoni mafungu ya mboga nyingine: majani membamba, matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Waluo huiita mitoo, nao Waluhya miro.

Mitoo ni za aina mbili. Moja ina majani ya kijani kilichokolea, nayo ni chungu. Nyingine ni ya kijani hafifu na haina uchungu sana. Akina mama wa huko huichemsha pamoja na mrenda, ili ule utelezi upunguze uchungu, kisha hutia maziwa. Huliwa kwa ugali.

Kwa nini tunawaandikia habari hii? Mitoo ni ya jamii ya maharagwe na kunde. Mizizi yake ina vinundu vyenye vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani, ile ile tunayoinunua ndani ya mbolea ya dukani. Huko Songea, Tanzania, mitoo isiyo chungu huitwa marejea, na wakulima wameitumia kwa kuilima na kuifukia shambani iwe mbolea. Basi mmea mmoja unaweza kulisha watu na udongo pia.

Jinsi ya kupanda:

1. Mvua ikianza, tengeneza mistari iliyoachana sentimita 30. Mwaga mbegu kidogo kidogo na uzifunike kwa udongo mwepesi.

2. Miche ikisongamana, punguza. Hiyo uliyong'oa ni mboga tayari.

3. Iliyobaki usiing'oe. Kata ncha ili itoe matawi, halafu uchume kila baada ya wiki moja au mbili. Ukiing'oa yote umeondoa na mizizi, na shamba halitabaki na kitu.

4. Acha mimea michache iliyo bora itoe mbegu. Maganda yakikauka, yatikise: ukisikia mbegu zikilia ndani kama kayamba, vuna.

5. Mwisho wa mavuno, fukia mashina na majani yaliyobaki. Msimu unaofuata panda mahindi hapo.

Angalieni sana jambo hili: porini kuna mimea inayofanana na mitoo ambayo ina sumu, na mingine huua mifugo. Msichume ya porini kwa kubahatisha. Chukueni mbegu kwa mtu anayeilima na kuila nyumbani kwake. Tena tunakula majani tu. Mbegu ziwekwe mbali na watoto na kuku.

Kikundi chenu kinaweza kuanza na tuta moja la majaribio. Msimu wa pili pandeni mahindi juu yake, na mengine kando pasipokuwa na mitoo, halafu mlinganishe wenyewe.