Ofu Yako Jumanne, Yangu Alhamisi: Gemu Tutacheza Lini?

Watamu ina misimu miwili, na yote miwili ina njama dhidi ya gemu. Desemba hadi Machi wageni wamejaa, mfuko unacheka, lakini muda wa kukaa na mabeste huna. Aprili masika yakianza na upepo wa kusi ukishika, mambo yanageuka: muda unao tele, chapaa ndo huna. Kama unafanya kazi hotelini, au una besti anayefanya huko, unanielewa vizuri.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Sawa kabisa. Ila haisemi siku hiyo iwe sawa na ya rafiki yako. Sisi tuko watano. Mmoja yuko jikoni, wawili ni maweita, mmoja anaendesha boda, halafu kuna mimi wa kuandika andika. Rosta ya wiki ikibandikwa ukutani, inapigwa picha na kurushwa kwenye grupu ya WhatsApp kabla wino haujakauka. Hapo mazungumzo yanaanza, nani abadilishane na nani, nani ambembeleze supavaiza, nani amshikie mwenzake shifti ya Jumapili asubuhi ili Jumatano tukutane. Yaani kuna mikataba imetiwa sahihi kwa kazi ndogo kuliko hiyo.

Tukikutana tunaenda Timboni. Ni kibanda cha mabati, televisheni tatu, feni moja inayozunguka inapojisikia, na benchi refu la mbao. Mechi ni shilingi ishirini, anayefungwa anaachia padi. Mlangoni kuna mama wa viazi karai na ukwaju wake wa kuchovya, na huyo ndiye refa wa kweli, maana kelele zikizidi anawatoa nje nyinyi nyote pamoja na mwenye kibanda. Mtoto akija na yunifomu ya shule hapati padi, na hilo naliunga mkono kwa mikono miwili.

Tunacheza Fifa. Najua, najua, jina hilo lilikufa mwaka 2023 EA ilipoachana na shirikisho la soka na kuiita EA Sports FC. PES nayo iligeuka eFootball mwaka 2021. Timboni habari hizo hazimhusu mtu. Mwenye kibanda bado anauliza, "Fifa au PES?" na kila mtu anajibu bila kufikiria. Hapa kuna mmoja wetu ambaye bado anachagua Tottenham kwa sababu Victor Wanyama alichezea huko kuanzia 2016. Wanyama alishaondoka zamani, yeye bado yupo.

Wazee wanaotuona tunapoteza wakati nawakumbusha bao. Mashimo 32, kete 64, wachezaji wawili, na washauri kumi ambao hakuna aliyewaomba ushauri. Kibandani ni vilevile. Anayecheza ni mmoja, wanaojua alipaswa kupiga pasi wapi ni wote.

Ila kuna kitu benchi lile linafanya ambacho sijakiona mahali pengine. Mnakaa bega kwa bega, macho yote kwenye skrini. Hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Na kijana wa Pwani aliyelelewa kwa "mwanaume ni kujikaza", ukimketisha mezani umuulize ana shida gani, atakwambia "niko poa" mpaka kiama.

Mei mwaka jana, weita wetu mmoja alikuwa amefungwa mbili bila na mimi. Kipa wake akapiga mpira mbele, naye akasema, "Mimi nimeambiwa nikae nyumbani mpaka Julai." Hakuna aliyesimamisha mechi. Baada ya muda mtu wa boda akauliza, "Mama anajua?" Akajibu, "Bado." Ikatoka kidogo kidogo, kati ya kona na faulo. Kwa wiki tatu alikuwa anaondoka nyumbani asubuhi na yunifomu ya kazi kwenye begi, anakaa Mida kwenye mikoko mpaka jioni, anarudi.

Mechi iliisha tatu moja. Mtu wa boda akamwambia pikipiki yake iko bure asubuhi, kuna watoto wa kupeleka shule, achukue. Tangu siku hiyo hakulipia gemu, na hakuna aliyetangaza kwamba halipi. Jioni hiyohiyo alimwambia mamake. Mama, kumbe, alikuwa anajua kitambo. Yunifomu ilikuwa haichafuki.

Ndiyo maana dau la pesa silitaki kwenye benchi letu. Kila msimu wa mvua hutokea mjanja wa kusema tuwekeane mia mbili mbili ili mechi inoge. Mia mbili ya Mei si mia mbili ya Desemba, bana. Mia mbili ya Mei ni unga. Mtu akikula unga wa mwenzake, wiki ijayo benchi litakuwa na nafasi. Dau letu ni viazi karai, na anayeshinda anagawa.

Utaniambia, si kuna simu? eFootball unaipakua bure, unacheza na mtu wa Brazil ukiwa kitandani. Nimejaribu, ni tamu. Lakini kwenye simu ukifungwa unafunga programu, mtu wa Brazil anapotea, na hata hajui kama umekula. Kama umekuwa ukijifungia na simu kila siku ya ofu, angalia rosta ya rafiki yako kabla ya chati za ligi yako.

Jumatano hii tuko ofu watu wanne. Wa tano, yule wa yunifomu kwenye begi, alirudishwa kazini, na sasa yuko shifti ya usiku, anaingia saa nne. Tumemwekea mechi ya kwanza, saa tisa alasiri, kabla stima haijaanza vituko vyake. Benchi lina nafasi ya sita. Njoo na ishirini yako.